Geuza Kila Namba Kuwa Wati-saa: Mwongozo wa Kusoma Uniti za LUKU na Ujazo wa Betri

Ukiingia duka lolote la vifaa vya umeme Kariakoo utakutana na namba za kila aina: pawabenki ya 20,000 mAh, betri ya sola ya 100 Ah, inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani) ya 1,000 W, UPS (kifaa cha kushikilia kompyuta umeme ukikatika) ya 650 VA, pikipiki ya umeme ya 72 V. Nyumbani nako mita ya LUKU inasoma 14.6 na inazidi kushuka. Kila namba imeandikwa kwa kipimo chake, na muuzaji naye anakutajia ile inayosikika kubwa. Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kuzipeleka zote kwenye kipimo kimoja, wati-saa. Zikishafika huko, unaweza kulinganisha pawabenki na betri ya gari, au betri ya gari na uniti za LUKU, kabla pesa haijatoka mfukoni.

Andaa kikokotoo cha simu, kalamu na karatasi. Hesabu zote ni za kuzidisha na kugawanya.

Hatua ya 1: Tenganisha wati na wati-saa

Wati (W) ni kasi ambayo kifaa kinakula umeme wakati kinawaka. Wati-saa (Wh) ni jumla ya umeme kilioula mpaka ulipokizima. Chukua bomba na ndoo: wati ni namna bomba linavyotoka, wati-saa ni maji uliyoyakuta ndooni. Bomba linalodondoka usiku kucha linajaza ndoo kadhaa, na bomba kubwa lililofunguliwa sekunde chache halijazi hata moja.

Kanuni ni hii: wati mara saa. Kama muda uko kwa dakika, ugawanye kwanza kwa 60.

Taa ya LED ya 9 W ikiwaka saa 10 imekula 90 Wh. Birika la umeme la 2,000 W likichemsha maji kwa dakika 3 limekula 100 Wh. Wati zimepishana zaidi ya mara 200, lakini kwenye mita vimelingana karibu sawa. Ndiyo sababu kuangalia wati peke yake hakutoshi, na wala kuangalia saa peke yake hakutoshi.

Hata habari za bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji zisome hivyo hivyo. Megawati 2,115 ni kasi: mitambo 9, kila mmoja megawati 235. Mtambo mmoja ukizunguka kwa nguvu zake zote kwa saa moja, umezalisha kilowati-saa 235,000.

Hatua ya 2: Ijue uniti yako kwa shilingi

Uniti moja ya LUKU ni kilowati-saa moja, yaani wati-saa 1,000. Kwa mwanafunzi wa fizikia ni jouli 3,600,000, lakini kwa matumizi ya nyumbani 1,000 Wh inatosha.

Chukua meseji au risiti yako ya mwisho ya LUKU uisome mstari kwa mstari. Utaona gharama ya umeme wenyewe, kisha VAT, kisha makato ya REA (wakala wa umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji). Kwa mteja wa kundi la kawaida, bei ya msingi ni shilingi 292 kwa uniti. Ukiongeza VAT ya 18%, REA 3% na EWURA 1%, unafika shilingi 356 na senti kidogo. Ndiyo maana elfu kumi inaleta uniti 28 na ushee. Mteja wa matumizi madogo, yule asiyevuka uniti 75 kwa mwezi, bei yake ya msingi ni shilingi 100, na ukijumlisha makato inakuwa 122. Bei zikibadilika, risiti yako ndiyo itakayokwambia: gawanya pesa ya umeme pamoja na makato yake kwa idadi ya uniti, utapata bei yako halisi.

Kuna jambo moja linalowachanganya wengi. Ununuzi wa kwanza wa mwezi huwa na uniti pungufu kwa sababu kodi ya jengo inakatwa humo humo, shilingi 1,500 kwa nyumba ya kawaida. Elfu kumi yako imebaki 8,500, na 8,500 inanunua uniti 23.9 hivi. Mita haijaiba kitu hapo. Unapopiga hesabu ya bei ya uniti, iondoe kwanza hiyo kodi, la sivyo utaona umeme umepanda kila tarehe moja.

Sasa jaribu na kifaa kinacholalamikiwa sana, heta ya kuogea. Ya 3,500 W, watu wanne, dakika 10 kila mmoja: jumla ni dakika 40. 3,500 × 40 ÷ 60 ni 2,333 Wh, yaani uniti 2.3. Kwa bei ya 356 ni shilingi 830 kwa siku, karibu 25,000 kwa mwezi. Kwa joto la Dar es Salaam, hasa kuanzia Desemba hadi Machi, binafsi naona hiyo ni pesa ya kuiacha mfukoni.

Hatua ya 3: Wapangaji wanaochangia mita moja

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ugomvi wa LUKU umevunja ujirani mwingi kwenye nyumba za kupanga Mbagala, Manzese, Tandale na kwingineko. Mita ni moja, vyumba ni vingi, na mchango umegawanywa sawa kwa vichwa. Anayeumia ni mwenye matumizi madogo, ambaye mara nyingi ndiye mwenye kipato kidogo.

Tuchukue vyumba vitatu. Chumba cha kwanza anakaa bibi mwenye taa moja na simu ndogo. Taa ya 9 W kwa saa 5 ni 45 Wh, simu na chaja yake tuiwekee 25 Wh. Jumla 70 Wh kwa siku, na kwa siku 30 ni 2,100 Wh, yaani uniti 2.1 kwa mwezi mzima.

Chumba cha pili kuna taa mbili (90 Wh), TV ya 50 W kwa saa 5 (250 Wh) na feni ya 60 W kwa saa 8 (480 Wh). Jumla 820 Wh kwa siku, uniti 24.6 kwa mwezi.

Chumba cha tatu kina vitu vile vile, ila kimeongeza friji linalokula 1,200 Wh kwa siku. Hapo ni uniti 60.6.

Ukijumlisha vyumba vyote unapata uniti 87.3, na kwa shilingi 356.24 ni kama 31,100. Wakigawana sawa, kila mmoja anatoa 10,367. Lakini matumizi ya bibi ni shilingi 750 tu! Wa pili alipaswa kutoa 8,760 na wa tatu karibu 21,600. Bibi analipia friji la jirani kila mwezi, na hakuna anayemwona, kwa kuwa hakuna aliyekaa chini na kalamu. Tena akiwa na mita yake mwenyewe angekaa vizuri kabisa chini ya uniti 75, kwenye bei ya chini, lakini kwa kujumlishwa na wenzake nyumba nzima imevuka.

Cha kufanya: kaeni pamoja siku moja, kila mtu ataje vifaa vyake, wati zilizoandikwa nyuma ya kifaa, na saa anazokitumia. Andikeni wati-saa za siku za kila chumba kwenye karatasi, ibandikwe ukutani. Mchango wa mwezi ugawanywe kwa uwiano huo. Mpangaji mpya akihamia, au mtu akinunua pasi au jiko la umeme, karatasi inarekebishwa. Si lazima iwe sahihi kwa senti, na hata ikikosea kwa sehemu ya kumi bado ni haki kuliko kugawana kwa vichwa.

Hatua ya 4: Pima kwa mita usipoamini maandishi

Wati zilizoandikwa nyuma ya friji au kiyoyozi ni za wakati mashine inafanya kazi. Friji linawaka na kupumzika, kwa hiyo ukizidisha wati zake kwa saa 24 utapata jibu kubwa mno. Njia nzuri ni kupima.

Mita nyingi zina kitaa chekundu kinachowaka na kuzimika. Karibu nacho pameandikwa namba ikifuatiwa na imp/kWh, labda 1000, 1600 au 3200. Hiyo ni idadi ya mara kitaa kinavyowaka kwa kila uniti moja. Zima kila kitu ndani isipokuwa kifaa unachokipima, kisha hesabu kitaa kinawaka mara ngapi ndani ya dakika 6. Zidisha kwa 10 upate ya saa nzima, halafu gawanya kwa ile namba ya kwenye mita. Tuseme mita ni ya 1600 na kitaa kimewaka mara 20: 200 ÷ 1600 ni 0.125, yaani kilowati 0.125 au 125 W. Hilo ni friji likiwa linanguruma.

Kama mita yako iko juu ya nguzo na ndani una kile kidude cha kubonyezea namba tu, tumia uniti zilizobaki. Saa 4 usiku zima vyote, acha friji peke yake, andika uniti zilizobaki. Saa 12 asubuhi soma tena. Zikiwa zimeshuka kutoka 14.6 hadi 13.9, friji limekula uniti 0.7 kwa saa 8. Kwa siku nzima ni 2.1.

Friji lisilo na kasoro la ukubwa wa kati hula takriban uniti 1 hadi 1.5 kwa siku, na kwa hiyo la 2.1 lina tatizo. Chukua noti ya elfu moja, ibane mlangoni nusu ndani nusu nje, funga mlango, kisha ivute. Ikitoka bila kukaza, mpira wa mlango umechoka na joto linaingia usiku na mchana. Rudia pembe zote nne, maana mpira huanza kuchoka upande mmoja. Angalia pia nyuma: friji lililogandamizwa ukutani halipumui, na kompresa haipati mapumziko. Kushusha kutoka 2.1 hadi 1.2 kwa siku kunaokoa uniti 27 kwa mwezi, shilingi 9,600 hivi.

Hatua ya 5: Ah na mAh bila volti hazisemi kitu

Betri huandikwa kwa ampea-saa (Ah). Kuipata wati-saa zidisha Ah kwa volti. Kama imeandikwa mAh, gawanya kwanza kwa 1,000.

Betri ya sola ya 12 V 100 Ah: 12 × 100 ni 1,200 Wh. Betri ya pikipiki ya umeme ya 60 V 20 Ah: 60 × 20 ni 1,200 Wh. Zimebeba umeme sawa kabisa, ingawa moja imeandikwa 100 na nyingine 20. Kwa hiyo dereva wa bodaboda anayeambiwa "hii ina ampea nyingi" aulize volti hapo hapo. Ya 72 V 40 Ah ina 2,880 Wh. Pikipiki ya umeme hula kama 30 hadi 40 Wh kwa kilometa, kutegemea abiria, mzigo na upepo wa matairi, kwa hiyo betri hiyo ni ya kilometa 72 hadi 96. Ukiahidiwa 200 kwa chaji moja, mwonyeshe muuzaji hesabu hiyo na umwombe aeleze zilizobaki zinatoka wapi.

UPS za ofisini nazo zisome hivyo. Ndani ya UPS nyingi ndogo za 650 VA mna betri moja ya 12 V 7 Ah: 84 Wh basi. Ile 650 ni mzigo ambao kifaa kinaweza kuubeba kwa mara moja, tena kwa VA (volti mara ampea), ambayo kwa wati halisi hushuka hadi kama 360 au 390. Muda gani kitaubeba ni habari nyingine. Kompyuta na kioo chake vikila 120 W, usitegemee dakika 42 za hesabu (84 ÷ 120 ni saa 0.7): betri ndogo ikivutwa kwa nguvu hutoa pungufu, kwa hiyo una robo saa hivi ya kuhifadhi kazi na kuzima.

Hatua ya 6: Pawabenki

Seli za ndani ya pawabenki ni za volti 3.7, na mAh zilizoandikwa kwa herufi kubwa zimehesabiwa kwa volti hiyo. Ya 10,000 mAh ni 37 Wh. Ya 20,000 ni 74 Wh. Simu ya 5,000 mAh ina takriban 19 Wh.

Kwa haraka utasema 37 ÷ 19 ni karibu mara mbili. Sivyo itakavyokuwa. Pawabenki inapandisha volti kutoka 3.7 hadi 5 ili umeme upite kwenye waya, na simu nayo inazishusha tena, na pote pale umeme unapotea kama joto. Geuza pawabenki nyuma usome maandishi madogo. Za kweli zina namba mbili: 10,000 mAh kwa 3.7 V, na chini yake nyingine ndogo, labda 6,000 mAh kwa 5 V. Ya pili ndiyo inayotoka kwenye waya: 5 × 6 ni 30 Wh. Ondoa na hasara ya ndani ya simu, utachaji mara moja na theluthi hivi. Pawabenki isiyokuwa na namba ya pili wala Wh popote, mimi siinunui.

Halafu pima uzito. Nimemsikia mama mmoja Kariakoo akiuliza, "Kaka, hii inachaji mara ngapi?" Akajibiwa, "Mama, hiyo ni elfu hamsini, simu yako elfu tano. Mara kumi hiyo." Pawabenki yenyewe ilikuwa nyepesi, haifiki hata robo kilo mkononi. Sasa hesabu: 50,000 mAh ni 185 Wh. Seli nzuri za lithiamu zinabeba kama 250 Wh kwa kilo, kwa hiyo seli peke yake zingekuwa na gramu 740. Robo kilo haiwezi kubeba umeme huo, wala hakuna haja ya kuifungua ili kujua. Kwa pawabenki ya kweli ya 20,000 mAh tegemea gramu 300 na zaidi.

Uongo wa aina hiyo uko pia kwenye seli za duara za tochi na redio, zile za milimita 18 kwa 65. Zinauzwa zikiwa zimeandikwa 9,900 mAh. Nzuri kabisa za ukubwa huo ziko karibu na 3,500.

Na kwa anayesafiri kupitia uwanja wa Julius Nyerere: pawabenki inakaa kwenye mzigo wa mkononi, haiingii kwenye begi la kupakiwa. Hadi 100 Wh, kama 27,000 mAh, inapita. Kati ya 100 na 160 unahitaji ruhusa ya shirika la ndege, na zaidi ya hapo haisafiri na abiria.

Hatua ya 7: Ni kiasi gani cha betri unaruhusiwa kutumia

1,200 Wh zilizoandikwa kwenye betri ya 12 V 100 Ah si zote za kutumia. Betri za risasi, yaani za maji, kavu na za jeli, zikikaushwa hadi mwisho kila siku zinakufa mapema. Panga kutumia nusu: 600 Wh. Za lithiamu za sola, ambazo pakiti yake huwa 12.8 V, zinakubali kutumika asilimia 80 hadi 90. Lithiamu ya 100 Ah ni 1,280 Wh, na unapata kama 1,150. Ukilinganisha bei dukani, gawanya bei kwa wati-saa unazoweza kutumia. Hapo utaona lithiamu haina ughali kama kibandiko cha bei kinavyotisha, hasa ukizingatia inadumu miaka mingi zaidi.

Jambo la pili, betri ya risasi ya 100 Ah imepimwa kwa kuitoa polepole, ampea 5 kwa saa 20. Ukiivuta kwa ampea 50 usitegemee saa 2. Utapata saa 1 na dakika 20 hivi. Kadiri unavyoivuta kwa nguvu ndivyo inavyotoa kidogo. Lithiamu haina tabia hiyo kwa kiwango cha kusumbua.

Jambo la tatu ni joto, na hapa Dar es Salaam tusilipuuze. Ujazo na maisha ya betri vimeandikwa kwa nyuzi 25. Kwa betri ya risasi, kila nyuzi 10 zaidi hukata maisha yake karibu nusu. Usiiweke karibu na dari chini ya bati, wala kwenye kibanda cha mabati uani. Iweke sakafuni, penye kivuli na hewa inayopita, na isiwe chumba cha kulala, kwa sababu inapochajiwa inaweza kutoa hewa ya haidrojeni inayoshika moto.

Betri za gari, zile za N50, N70 na N100, zimetengenezwa kuwasha injini: kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache. Zinaweza kusukuma taa za nyumbani kwa muda, lakini hazivumilii kukaushwa. Na ile namba kubwa ya CCA, labda 600, ni ampea za kuwashia injini kwenye baridi kali. Haihusiani na Ah.

Hatua ya 8: Pangia nyumba yako

Mfano wa nyumba ya Kimara inayotaka kuvuka jioni na usiku umeme ukikatika:

- taa 5 za 9 W, saa 5: 225 Wh
- TV ya 50 W, saa 4: 200 Wh
- king'amuzi cha 18 W, saa 4: 72 Wh
- feni ya 60 W, saa 6: 360 Wh
- ruta ya 10 W, saa 10: 100 Wh
- simu 3: 60 Wh

Jumla ni 1,017 Wh. Inveta inakula sehemu yake wakati wa kugeuza umeme wa betri kuwa wa 230 V, kwa hiyo gawanya kwa 0.85: karibu 1,200 Wh zitoke kwenye betri. Kwa betri za risasi, ambazo unatumia nusu, unahitaji 2,400 Wh: mbili za 12 V 100 Ah. Kwa lithiamu, moja ya 100 Ah inatoa 1,150, imepungua 50. Punguza saa moja ya feni, imetosha. Wala huna haja ya kukubali ushauri wa kuongeza betri ya pili.

Inveta inachaguliwa kwa wati za vifaa vinavyowaka pamoja, na hapa hazifiki 300. Ukitaka kuongeza friji hesabu inabadilika pande zote mbili. Kompresa inapowaka inadai mara kadhaa ya wati zake za kawaida kwa sekunde moja au mbili, hivyo friji la 125 W linahitaji inveta ya 1,000 W ili isizime. Inveta kubwa nayo inakula 10 hadi 20 W hata bila mzigo. Ikiachwa imewashwa saa 10 imemeza hadi 200 Wh, zaidi ya taa zako nne. Izime ukienda kulala kama hakuna kinachoitumia.

Pasi, heta na birika la umeme visiguse mfumo huu. Pasi ya 1,000 W kwa nusu saa inaweza kubeba hadi nusu ya bajeti ya usiku mzima. Nguo zipigwe pasi umeme ukiwepo.

Hatua ya 9: Zirudishe ulizozitoa

Watu hununua betri kubwa na chaja ndogo, halafu wanashangaa siku ya pili imekufa saa 3 usiku. Umetoa 100 Ah kwenye betri zako mbili za risasi. Chaja ya ampea 10 inahitaji zaidi ya saa 10 kuzirudisha, na sehemu ya mwisho ya kuchaji betri ya risasi huenda taratibu bila kujali chaja. Umeme ukirudi kwa saa 5 tu, hukujaza. Chukua chaja ya ampea 20, na uhakikishe betri inaruhusu.

Kwa sola, paneli ya 200 W haitoi 200 W kutwa. Hesabu saa 4 hadi 5 za jua kamili kwa siku, ukate robo kwa ajili ya joto, vumbi na waya. 200 × 4.5 × 0.75 ni 675 Wh. Kwa nyumba yetu ya Kimara unahitaji paneli mbili, na wakati wa masika hata hizo zitakuwa zinahema.

Gharama ya kuchaji kwa LUKU isikuogopeshe. Wati-saa 1,200 pamoja na hasara ni uniti 1.5, shilingi 534. Kinachogharimu ni betri yenyewe, na kuiua mapema.

Hatua ya 10: Jaribu ndani ya muda wa garantii

Dukani anza na mizani. Betri ya risasi ya 12 V 100 Ah ina kilo 28 hadi 32, kwa sababu risasi ndiyo inayobeba umeme. Ikiwa na kilo 18, risasi imepungua na Ah nazo zimepungua, hata kibandiko kiseme 150. Lithiamu ya ukubwa huo ni kilo 10 hadi 13.

Nyumbani ijaze kabisa, iache saa chache bila mzigo wala chaja, upime volti kwa mita ya fundi. Betri ya risasi iliyojaa inasoma karibu 12.7, nusu ni 12.2, na ikifika 11.8 imekwisha. Kwa lithiamu volti hazisaidii, zinakaa karibu pale pale hadi mwishoni kabisa. Tumia programu ya betri kwenye simu kama ipo, au hesabu ya saa.

Kisha washa mzigo unaoufahamu. Feni ya 60 W kupitia inveta inavuta kama 70 W kutoka kwenye betri. Kwa 100 Ah ya risasi, nusu yake ni 600 Wh: 600 ÷ 70 ni saa 8 na nusu. Washa saa 1 asubuhi, zima saa 9 na nusu alasiri, iache ipumzike, upime. Ikisoma karibu 12.2, umepewa ulichokilipia. Ikiwa imeshuka hadi 11.8 au imezimika mapema, andika saa ya kuanza, saa ya kuzima, wati za mzigo na volti kabla na baada, piga picha kibandiko na mita, urudi dukani na risiti. Fundi wa duka akisema feni yako ndiyo mbovu, mwombe arudie jaribio hilo hilo pale pale kwa taa ya 60 W, na umwachie karatasi yenye hesabu.